Jua Halikuyaunguza Mahindi ya Sindeni

Nakumbuka adhuhuri moja kwetu Sindeni, mwanangu, redio ya mjomba ilikuwa ikisoma habari, mara ikabaki inakoroma tu. Na betri mpya! Rajabu Mhina, mchuuzi wa mahindi ya kuchoma pale Segera, namtaja jina na simwogopi, alikuwa amekuja kwetu kutafuta mahindi; akakodoa macho juu. "Jua limepasuka hilo. Wiki hii mashamba yote yanaungua. Bora mniuzie mabichi sasa hivi."

Nikakimbia kwa mama. "Mama, tuvune! Jua linakuja!"

Bibi akacheka, "Linakuja kwa basi gani?"

Nikalia, nikaapa, mama akalegea. Rajabu akapakia yote kwa bei ya kutupa. Kabla ya alasiri redio ilishaanza kusema tena, na jua liliwaka vilevile. Sisi tukala kisamvu kitupu mpaka mvua nyingine. Mdogo wangu Zaina alikonda, akabaki macho tu.

Shule sikufika mbali. Aliyenifahamisha baadaye kilichotokea siku ile ni mwalimu wa sayansi, mama mmoja aliyehamia kutoka Korogwe. Alinishikisha ncha ya kamba ya katani, akaisokota, akaisokota, ikajikunja vifundo, ikakatika na kunichapa mkono.

"Kwenye anga la jua," akasema, "kuna nguvu za sumaku zisizoonekana, husokotwa hivi. Zikizidiwa hukatika na kuungana upya, na nguvu iliyobanwa humwagika kwa ghafla. Gesi hupata joto kali ajabu, chembe hurushwa, na mwanga hutoka, hata ule tusiouona, kama wa eksirei. Unatufikia kwa dakika nane hivi. Hewa yetu huuzuia ule wa hatari huko juu kabisa. Huko juu ndiko mawimbi ya redio za mbali hupitia, kwa hiyo redio ndiyo husumbuka, si shamba."

Nikampelekea bibi habari hiyo. Safari hii hakucheka. "Kumbe jua halina kosa. Mliotuunguza ni wewe na Rajabu."

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Mpaka leo nikimwona Zaina nainamisha uso. Rajabu alidanganya ashibe. Mimi nilimbebea uongo wake bure, nikauingiza jikoni kwa mama, mahali ambapo yeye asingesadikiwa.

Siku hizi habari za jua kulipuka zinakujia kwenye simu. Kuuliza si ujinga: uliza kwanza, na utazame nani atafaidi. Maana wanaokupenda hawataichunguza habari, watakuamini wewe.

Mola akupe subira, na asilale mtu njaa nyumbani mwako kwa sababu yako. Amina.