Mkono wa Mama Chapchap

Mama Chapchap alikuwa msusi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Wateja walimpa kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kichwani. Chumba chake kilikuwa na mlango mmoja, dirisha dogo, na kigoda alichokalia mteja katikati ya magoti ya msusi. Umbea wote wa mtaa ulipitia hapo. Chanjo ya korona ilipokuja, weh! Mara inagandisha damu, mara inafunga kizazi. "Lisemwalo lipo," wakasema wateja. Mama Chapchap akasuka akisikiliza, mwisho akaapa: "Mimi? Labda wanichanje nikiwa maiti."

Wifi yake, muuguzi wa zahanati, alimbembeleza mpaka akachoka. "Wifi, unaogopa sindano, na masikio umetoboa mara tatu kila upande?"

"Masikio ni urembo. Niache."

Kisha mwalimu mmoja akapiga simu. Huyu alikuwa mteja wake tangu wote wawili wakiwa wasichana. Saratani na dawa zake kali vilimtoa nywele zote, na sasa zilikuwa zimeota tena.

"Zinashikika, mwenzangu! Nataka unisuke wewe, harusi ya mwanangu imekaribia. Ila daktari anasema kinga yangu bado dhaifu. Wa kukaa nami karibu hivyo lazima awe amechanja. Umechanja?"

"Bado. Nipe siku chache," Mama Chapchap akajibu. Hebu fikiria: umemwombea mwenzio nywele ziote, zimeota, halafu kizuizi ni wewe! Aibu ikaushinda woga. Asubuhi alikwenda zahanati bila kumuaga mtu. Wifi akamuuliza achomwe mkono gani, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo ya kutotoa wa kushoto, akatoa wa kulia.

Lo, kosa hilo! Kesho yake mkono haukupanda hata usawa wa bega, na kusuka ni mikono juu. Akamwacha mteja nusu kichwa.

"Amepooza!" yule mteja akapiga kelele, akatoka mbio, upande mmoja mistari, upande mwingine msitu. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari.

Wifi alipokuja kumwona, alicheka mpaka akakaa chini. "Maumivu tu hayo, yatapita. Lakini wewe nawe, msusi mzima unanipa mkono wa kazi?"

"Si ungeniuliza!"

"Nilikuuliza!"

Yakapita kweli. Waliongoja aanguke wakamwona anasuka na kusengenya kama kawaida. Yule wa nusu kichwa akarudi amaliziwe, na kabla hajainuka akauliza kwa sauti ndogo zahanati hufunguliwa saa ngapi.

"Mapema," akajibiwa. "Na utoe wa kushoto."

Mama Chapchap akachomwa na sindano ya pili, na ilipokwisha kutulia mwilini, mwalimu akaja. Alivua kitambaa taratibu, akakaa kigodani. Nywele zilikuwa fupi, laini kama za kichanga. Mama Chapchap akazigusa.

"Asante kwa kukubali sindano kwa ajili yangu," mwalimu akasema.

"Wee, usinishukuru. Mimi ndiye wa kushukuru. Mungu amenirudishia kichwa hiki; ningekikosa kwa woga wangu, ningemwambia nini?"

Akamwinamisha, akaanza mstari wa kwanza nyuma ya sikio. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.