Mti Uliovikwa Bafta

Sponji alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Vipande vya sponji vilimganda kila mahali: kwenye nywele, kwenye soksi, hata ndani ya sikio. Mkewe, karani wa mahakama, aliwahi kufungua faili mbele ya hakimu kikadondoka kipande cha njano, na hakimu akauliza kama hicho nacho ni kielelezo. Lakini kazi yake aliipenda. Akiingia nyumba ya mtu hakuhitaji kuuliza habari za familia. Alitazama kochi limebonyea upande gani, akajua nani humo ndani anashinda amekaa.

Kwake mwenyewe makochi yote yalikuwa imara kama siku ya kwanza, isipokuwa kiti kimoja cha mikono karibu na dirisha. Hicho kilikuwa cha mama mkwe, na kilibonyezwa kila Desemba.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili. Zamani, alipoambiwa kwamba bintiye anaolewa na fundi wa makochi, aliuliza swali moja tu: "Yule daktari amekataa kabisa?" Tangu siku hiyo hakumtukana mkwe wake hata mara moja. Alimwonea huruma, na huruma ile ilichoma kuliko tusi.

Mwaka uliotangulia huruma hiyo ilishukia mti wa Krismasi, ule wa plastiki unaokunjwa na kutiwa kwenye boksi. Mama mkwe aliuzunguka, akashika tawi kwa vidole viwili.

"Mwanangu," alimwambia Sponji, "hizi si brashi za choo?"

Kwa hiyo safari hii Sponji aliamua kumziba mdomo. Alikwenda kupeleka kochi la watu watatu kwa mteja mwenye shamba nje ya mji, akarudi na kilele cha msonobari kimelala kwenye mkokoteni. Mti ulinukia nyumba nzima. Aliusimamisha ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa mawe, mkewe na binti yao wakauvisha taa na vipambo. Katika kupamba, mkewe akaona kwenye tawi moja kitu kama povu lililokauka, rangi ya kahawia hafifu, ukubwa wa kokwa ya tende.

"Sponji yako hii," alisema. "Mpaka kwenye mti?"

Sponji alijaribu kukibandua, kikagoma. Alishangaa kidogo, maana sponji haigandi hivyo bila gundi, lakini mkewe alishaning'iniza mpira wa kung'aa mbele yake, shauri likafungwa.

Mama mkwe alifika, akautazama mti kutoka ndooni hadi kileleni, akaomba chai. Sponji aliona ameshinda. Akamsogezea kiti chake chini ya matawi kabisa, taa zikawaka mchana na usiku, sebule ikapata joto zuri.

Jumapili kabla ya sikukuu wote wanne walikaa mezani kwa chakula cha mchana. Meza ilikuwa imesogezwa hadi kwenye kile kiti, maana mama mkwe alikataa kukihama. Naye hakuwa mtu wa kubariki chakula kwa kifupi. Alianza na uumbaji. Alipita kwa manabii, akawaombea viongozi, wagonjwa na wasafiri, huku mvuke wa nyama ukipungua taratibu.

"Na umkumbuke mkwe wangu," alisema, "ambaye ulimnyima mengi, ukampa nyundo."

Hapo Sponji alifungua jicho moja, kama alivyozoea, kuangalia hali ya nyama. Badala yake akaona kilemba cha mama mkwe kinatembea.

Kutoka kwenye lile povu kavu nyuma ya mpira wa kung'aa viumbe vidogo vilikuwa vinamwagika kwa nyuzi nyembamba, kimoja juu ya kingine, kama pumba zilizopata miguu. Vilitua kwenye kilemba, vikashuka mabegani, vikaanza safari kuelekea bakuli la mchuzi. Walikuwa vunjajungu, watoto wa siku hiyohiyo, si wakubwa kuliko mbu. Kila mmoja alikuwa na kichwa cha pembetatu, na aligeuza shingo kuwatazama waliohudhuria.

Sponji alijikuta njia panda. Katika familia ile hakuna aliyewahi kumkatiza mama mkwe sala. Akanyoosha mguu chini ya meza, akamgusa mkewe. Kumbe mguu wenyewe haukuwa wa mkewe.

Mama mkwe akaanza kuwaombea watu wanaokosa subira.

Aliwaombea kwa kirefu, mpaka alipojikatiza mwenyewe na kusema, bila kufumbua macho, "Kuna kitu kinatembea kwenye kope yangu."

"Bibi, usitikisike," alisema mjukuu wake. "Wako wengi."

Amina ya siku hiyo hakuna aliyeisikia. Mkewe Sponji alikimbilia kopo la dawa ya wadudu, mama mkwe akalizuia kwa mkono mmoja huku mwingine ukipangusa shingo. Alikuwa na pumu. "Ukipuliza hiyo," alisema, "andaa na jeneza." Basi akaingizwa chumbani, binti akaenda naye na ndoo ya maji na kitana, mlango ukafungwa.

Sponji akabaki na mti. Wazo lake la kwanza lilikuwa kompresa, ile anayotumia kupigia pini kwenye makochi. Aliileta kutoka karakana, akaelekeza mpira wa hewa kwenye tawi, akafyatua. Ilikuwa hewa ya kutosha kupeperusha ngano. Vunjajungu walioshikilia tawi moja waligawanywa nyumba nzima: pazia, picha ya harusi, chumvi. Vumbi la msonobari likamjaa mkewe machoni, yakawa mekundu kama pilipili.

"Umemaliza?" mkewe aliuliza, machozi yakimtiririka. "Au kuna chumba umekisahau?"

Wazo la pili lilikuwa la kifundi zaidi. Sponji alichukua jora la bafta, kile kitambaa cheupe kinachovishwa sponji kabla ya kitambaa chenyewe cha kochi, akauzungushia mti tangu juu hadi chini, akaukaza na kuupiga pini kila mahali pasitoke hata mguu wa mdudu. Ilikuwa kazi safi. Akauchomoa ndooni, akaulaza, akashika upande wa shina, mkewe akashika kileleni, wakatoka nao mlango wa mbele kwa sababu wa nyuma ulikuwa mwembamba.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi aliyeitwa Redio. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja alipoinua macho akaona kitu kirefu kimefungwa bafta nyeupe, kipana huku na chembamba kule, kimebebwa na fundi aliyeinamisha kichwa na mkewe anayelia. Alijua kwamba mama mkwe amekuja. Alijua kuhusu ile pumu. Kwa nini maiti izungushwe nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku, hilo hakujiuliza. Redio hakuwa mtu wa kuharibu habari kwa maswali.

Huko nyuma Sponji aliufungua mti karibu na banda. Kuku walikuja kutazama, wakaelewa upesi kuliko binadamu, wakaanza kula. Alipumua. Alipozunguka kurudi mbele akakuta watu uani: Redio na taulo begani, mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa, na majirani wawili wanashusha viti vya plastiki.

Redio alimkumbatia. "Pole sana, jirani. Ni kazi ya Mungu."

"Ahsante," alisema Sponji, akishangaa habari za wadudu zilivyoenea. "Imekuwa ghafla sana. Tulikuwa tunasali."

"Mmeulaza wapi?" Redio aliuliza kwa sauti ya chini, akimaanisha mwili.

"Hapo nyuma, kwa kuku," alijibu Sponji, akimaanisha mti. "Kesho nitaukatakata niuchome."

Redio alirudi nyuma hatua moja. Lakini mdomo wake haukurudi nyuma.

"Kila mtu na uchungu wake," alisema. "Na tuseme kweli, jirani, umevumilia mengi. Angalau sasa utapumzika."

"Apumzike nani?"

Sauti ilitoka dirisha la chumbani. Mama mkwe alikuwa amesimama pale bila kilemba, nywele nyeupe zimelowa na kusimama, taulo jeupe limemzunguka mabega. Mteja wa kinyozi aliondoka na nusu yake ya nywele, na inasemekana alimalizia kunyolewa mtaa mwingine.

Dakika chache baadaye mama mkwe alitoka, amevaa vizuri, akakalia kiti kimojawapo cha msiba wake. Alimwita Redio akae mbele yake, kama mwanafunzi.

"Nimekufa. Hilo nimelipokea," alisema. "Sasa nieleze, kwa nini mkwe wangu apumzike?"

Redio hakuwahi kuacha swali bila jibu. Alieleza yote yaliyosemwa kwenye kiti cha kunyolea: kwamba fundi akisikia teksi inasimama mlangoni mwezi wa Desemba, tumbo linamkata. Sponji alikuwa anachunguza miguu ya viti vya plastiki, akitamani kuwa mtu anayeitengeneza.

Wageni walipokwisha kunywa chai na kuondoka, mama mkwe alibaki uani. Sponji alikuja kukusanya viti.

"Tumbo linakukata kweli?"

Alifikiria kudanganya, akaona amechoka. "Linakata, Mama."

"Sana?"

"Siku za kwanza sana. Baadaye linalegea. Linakaza tena wakati wa sala."

Mama mkwe alimtoa vunjajungu mmoja kwenye mkono wa shati la Sponji, akamweka kwenye ukuta. "Mimi nikirudi kwangu," alisema, "nafunga mlango nalala. Hapa nyundo zinapigwa tangu alfajiri, na binti yangu ananisemesha kama nimeshtakiwa."

"Nilidhani unapenda kuja."

"Napenda. Nani kasema sipendi?"

Sponji aliviweka viti chini. Hakujua kwa nini, lakini akacheka, na mama mkwe akamwacha acheke bila kumwonea huruma.

Krismasi ilipita bila mti wowote. Mchana kutwa majirani walikuja kumtazama marehemu, wakimletea keki, na yeye akawapokea mmoja mmoja akiwa kitini, amestarehe, akiwauliza kila mmoja alikuwa amepanga kusema nini kaburini. Waliotoa majibu mazuri waliahidiwa kutembelewa. Jioni alimtangazia mkwe wake kwamba mialiko ni mingi, hivyo atakaa mpaka shule zifunguliwe.

"Karibu, Mama," alisema Sponji, akaenda karakana kutafuta springi mpya za kile kiti.