Shimo Moja, Neno Moja

Mkumbi hakuna reli. Anayetaka kuiona treni inabidi ateremke Mbinga mjini, apite Songea, apite Njombe, ndipo afike Makambako, safari ya kutwa nzima. Lakini mtoto anayezijua treni kuliko mtu yeyote katika milima ile, na hilo halina ubishi, alizaliwa hapohapo Mkumbi. Anaitwa Kalista, yuko darasa la sita, na alikuwa hajawahi kuiona treni hata moja.

Alizijulia kwenye simu ya mjomba wake Egidi, dereva wa lori. Kila Egidi alipolala kwao, Kalista alimsalimia, akamtengea ugali na dagaa wa Ngumbo, kule Ziwa Nyasa, kisha akakaa karibu na ile simu mpaka apewe. Alikuwa na daftari zima la michoro: vichwa vya treni, mabehewa ya mafuta, mabehewa ya ng'ombe, mataruma yamepangwa chini ya reli moja baada ya jingine. Hata kengele ya shule, kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye mkaratusi, alidai ni kipande cha reli. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Reli gani itembee peke yake mpaka Mkumbi?

Basi huyo bingwa wa mabehewa alikuwa na adui mmoja, nalo ni daftari la msamiati.

Mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Lidia, alitoka Tabora. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwandiko wake umenyooka, na kila Jumatatu aliwapa wanafunzi maneno ishirini ya kwenda nayo nyumbani. Kila neno lilitaka vitu vinne: maana yake, kinyume chake, neno jingine lenye maana hiyohiyo, na sentensi. Ijumaa jaribio. Nyumbani kwa Kalista watu waliongea Kimatengo tangu asubuhi mpaka kulala, na Kiswahili kilikuwa cha shule, cha kanisani na cha wageni. Maneno kama faragha na husuda hayakuwa na mtu wa kumweleza. Wiki ya kwanza alipata nne. Wiki ya pili sita. Wiki ya tatu tano, na sentensi zake zote zilikuwa za treni: treni ina bidii, treni haina husuda, treni ilipita kwa hiari yake. Mwalimu Lidia aliandika kwa wino mwekundu, kwa hasira iliyotoboa karatasi: "TRENI SITAKI TENA. Andika jambo lingine."

Jioni moja mwanzoni mwa Machi, Egidi aliwaambia kwamba Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Pasaka atapeleka mbao Makambako, na ndani ya lori kuna nafasi ya mtu mmoja mdogo. Kalista aliinuka alipokuwa amekaa, akakaa, akainuka tena. Baba yake, Kiliani, mzee wa maneno machache, alimtazama kwanza.

"Jaribio la mwisho la msamiati ni lini?"

"Ijumaa ya kufunga shule, baba."

"Ukipata kumi na nane kati ya ishirini, nenda na mjomba wako. Ukipata kumi na saba, utabaki kupalilia maharage. Na daftari nilione lina sahihi ya mwalimu."

Egidi alijaribu kumtetea, lakini Kiliani akishasema amesema. Usiku ule Kalista alilia kwa uchungu, maana kumi na nane kwa mtoto aliyezoea tano ilikuwa mbali kuliko Makambako yenyewe.

Machi ndio mwezi wa ngoro, mashimo ya kulimia mlimani. Wanaume walikuwa wamekwisha kufyeka majani mlimani na kuyalaza kwa mistari iliyopishana, hadi mteremko mzima ukajaa miraba. Kazi ya wanawake ilikuwa kuingia na majembe, kila mmoja akachimba katikati ya mraba, akarusha udongo juu ya majani, upande wa juu, upande wa chini, kulia na kushoto, mpaka libaki shimo lenye kingo nne. Maharage hupandwa kwenye kingo hizo. Kila Jumamosi na kila alasiri baada ya shule, Kalista alilima ngoro na bibi yake, Benadetha, mama yake Kiliani.

Siku moja alikuwa anachimba kivivu, kichwa kimejaa maneno. Alirusha udongo juu, akajisemea, "Adimu. Maana yake kitu kisichopatikana kwa urahisi." Akarusha chini: "Kinyume chake, tele." Akarusha kulia: "Ni sawa na nadra." Akarusha kushoto: "Nyama ni adimu nyumbani kwetu." Akasimama, jembe mkononi. Shimo lilikuwa limekamilika, na neno nalo limekamilika. Kingo nne, vitu vinne. Akahamia mraba wa pili.

Na kwa kuwa Kalista ni Kalista, mashimo yakawa stesheni. Mstari mmoja wa miraba ukawa njia moja, stesheni ishirini, na treni haikuruhusiwa kuondoka stesheni yoyote mpaka udongo wa pande zote nne uwe umepakiwa. Akikosea, anarudisha udongo shimoni na kuanza upya. Akimaliza, anapuliza honi kwa mdomo na kusogea.

Bibi Benadetha alinyoosha mgongo. Alikuwa ameachwa nyuma kwa mashimo matatu, jambo ambalo halijampata tangu aolewe.

"Kalista, nani anakufukuza?" aliuliza kwa Kimatengo.

"Ratiba, bibi. Treni imechelewa."

"Mjukuu wangu amerukwa na akili," alisema bibi, na akashika jembe kwa nguvu zaidi ili asiachwe.

Kwa wiki tatu Kalista hakulima maneno ya wiki tu. Alirudi nyuma akalima na yale aliyokosa, ya wiki ya kwanza, ya pili, yote, hadi maneno zaidi ya mia moja yakawa yamefukiwa mlimani. Neno lilipomtoka, alifumba macho na kuuliza mikono yake: ni stesheni gani, udongo ulikwenda wapi? Mikono ilikumbuka.

Ijumaa ya kufunga shule alifanya jaribio akiwa wa kwanza kumaliza. Mchana madaftari yalirudishwa. Justin, anayekaa naye dawati moja, alipata kumi na moja. Kalista alifungua lake, na pale pa kuandikwa alama hapakuwa na kitu, ila maneno mawili: "Njoo mbele."

Alisimama mbele ya darasa.

"Kalista," alisema Mwalimu Lidia, "wiki ya tatu ulipata tano. Leo hukukosa hata moja. Sisemi umeibia, lakini mimi ni mwalimu, lazima nijue. Nitakuuliza kwa mdomo. Mikono nyuma!"

Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyosimama mbele ya mwalimu, mikono nyuma. Kalista akaifunga mikono mgongoni.

"Hiari."

Kalista alifungua mdomo, na ndani hamkuwa na kitu. Alijua neno lilikuwa mstari wa tatu, karibu na jiwe, lakini mikono ilikuwa imefungwa na haikuweza kumwambia zaidi.

"Ukarimu."

Kalista alivuta vidole vyake mgongoni.

"Faragha."

Machozi yalianza kumlenga. Alimwona Egidi akiwasha lori kesho alfajiri, kiti cha pembeni kitupu. Mabega yakaanza kumcheza, kulia, kushoto, bila yeye kutaka.

"Unatazama nini huko pembeni? Simama wima!"

Ndipo Justin, ambaye huwa hasemi darasani hata akiitwa, akasimama. "Mwalimu, samahani. Mwachie mikono. Huyu analima."

"Analima nini?"

"Ngoro, mwalimu!" lilijibu darasa zima. Walikuwa wamemwona mlimani wiki tatu, akichimba na kupuliza honi. Walimcheka, lakini walikuwa watoto wa majembe, na mabega yale waliyatambua. Mwalimu wa kutoka Tabora angeyajulia wapi?

Mwalimu Lidia aliwatazama, akamtazama Kalista. "Haya. Achia mikono."

Kalista alishika jembe lisilokuwepo. Akainama kidogo, miguu ameipanua kama yuko kwenye mteremko.

"Hiari. Kufanya jambo kwa kupenda mwenyewe." Akarusha juu. "Kinyume, shuruti." Akarusha chini. "Sawa na ridhaa." Kulia. "Bibi yangu alimsaidia jirani kwa hiari." Kushoto.

"Ukarimu," alisema mwalimu, kwa sauti iliyoshuka.

Akalima ukarimu. Akalima faragha. Mwalimu aliacha maneno ya wiki hiyo, akafungua kitabu chake kwenye maneno ya mwanzoni mwa muhula, akachagua yale ambayo Kalista aliyakosa na kuwekewa wino mwekundu. Kalista akayalima yote, na kila neno darasa lilihesabu kwa sauti, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Watoto wa darasa la tano walijazana madirishani. Kalista alikuwa anatoka jasho la kweli, na furaha ilimpanda mpaka akasahau kuogopa.

"La mwisho," alisema Mwalimu Lidia. "Hatima."

"Mwisho wa jambo. Kinyume, chanzo. Sawa na kikomo." Akatua kabla ya kurusha kushoto. "Sentensi... hatima ya uvivu ni njaa."

Mwalimu Lidia alifunga kitabu. "Nzuri. Sasa nipe ya treni."

Kalista aliuma mdomo, akarusha udongo kwa nguvu zake zote.

"Hatima ya safari yangu ya kesho ni Makambako, mwalimu akiniandikia alama."

Walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Mwalimu Lidia aliandika ishirini kwa ishirini, akatia sahihi kubwa iliyojaza ukurasa, na Kiliani jioni ile aliisoma mara mbili, akamtafutia binti yake koti la baridi.

Walifika Makambako usiku, na kesho yake alasiri treni ya mizigo ikapita. Ardhi ilitetemeka kwanza, halafu kichwa kikatokea, na Kalista alipiga kelele ambazo hata yeye hakuzisikia. Alihesabu mabehewa ishirini na saba. Egidi alihesabu ishirini na sita, wakabishana wakati wa kurudi mpaka Njombe. Lakini kabla ya kuondoka Makambako, Kalista alimwomba fundi mmoja wa reli amwonyeshe kipande cha reli cha zamani kilicholala kando ya uzio. Akatoa mfukoni uzi wenye mafundo aliopimia kengele ya shule, akauzungusha pale. Mafundo yote yalikaa mahali pake.

Siku ya kufungua shule alimkuta Mwalimu Lidia chini ya mkaratusi, zamu ikiwa yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kalista. Umeiona?"

"Nimeiona. Na hii ni reli, mwalimu. Nimepima."

Mwalimu Lidia aliishika kengele kwa kiganja. "Najua. Nimekulia jirani na stesheni. Siku niliyoripoti hapa niliisikia ikigongwa, nikaenda nyumbani nikalia, nilivyokumbuka kwetu. Halafu wewe unaniandikia treni kila wiki." Akacheka, akajifuta jicho. "Nisamehe ule wino mwekundu."

Akampa nondo ya kugongea. Kalista alishika kwa mikono miwili, akagonga reli ya Mkumbi kwa nguvu, na wanafunzi wakaja mbio kutoka pande zote kupanga mistari. Walikwisha kufika wote, naye akaendelea kugonga, na mwalimu wa zamu hakumzuia.