Mkono Uliotulia

Kaka yangu mkubwa alipomimina chai bila kumwaga hata tone, chumba kizima kilipiga makofi. Mimi sikupiga.

Ilikuwa Jumamosi, mtaani kwetu Kiuu, katika chumba cha nyuma cha kanisa ambako kikundi cha watu wanaoacha pombe hukutana. Sisi jamaa zao tunaruhusiwa kukaa kwenye viti vya ukutani. Wana desturi moja: aliyeacha karibuni zaidi ndiye hubeba birika na kuwamiminia wote, vikombe vijae hadi ukingoni. Mkono ukitetemeka, wanamwimbia pambio. Ukitulia, makofi. Wiki iliyotangulia kaka alikuwa amemwaga chai hadi kwenye viatu vya mwenyekiti.

"Mnaona?" mwenyekiti akasema. "Hakuna sindano, hakuna tembe. Ni sisi na Mungu tu."

Mama mmoja muuza mboga, ambaye huja lakini alikuwa bado hajaacha, akamgeukia kaka akicheka. "Mzee, ukichoka na ufundi, njoo unimiminie supu kibandani. Aki hata mimi nitaacha hivyo hivyo."

Kazi yangu ni kukagua mishono katika kiwanda cha nguo, na mshono ulionyooka ghafla hunishtua kuliko uliopinda. Mkono ule niliufahamu. Kwa miaka mingi, kitu pekee kilichowahi kuutuliza ni kinywaji cha asubuhi. Bila hicho kaka hakuweza hata kufunga kifungo. Nikajiambia: ameanza tena.

Mwaka uliopita aliacha akiwa na kikundi hicho hicho, kwa makofi hayo hayo. Siku chache baadaye alianguka uani kwenye ploti tunayopanga, mwili umekakamaa, akajiuma ulimi. Wanakikundi walikuja kumwombea, wakaleta mkate na maziwa, wakaosha hata vyombo vyangu. Ni watu wema. Lakini kaka alirudia chupa kwa kuogopa kuanguka tena. Sikuamini kwamba angeinuka mara ya pili.

Kwa hiyo nilianza kufuatilia. Yeye ni fundi wa mabomba, na mfuko wake wa spana hukaa chini ya kitanda changu, kwa sababu zamani aliwahi kuuza spana ili anywe. Nilikumbuka kwamba Jumatano kabla ya makofi yale alikuwa ameniambia ana kibarua Kamenu, huko Thika. Akaenda, mfuko ukabaki. Jumatano iliyofuata, kibarua tena, na mfuko ukabaki tena. Nilinusa koti lake, likanuka sabuni tu. Lakini alikuwa ameanza kutafuna tangawizi, na mtu hatafuni tangawizi kutwa nzima bila sababu.

"Kazi ya Kamenu inaendeleaje, muru wa maitu?" nikamuuliza. Ndivyo ninavyomwita, mwana wa mama yangu.

"Polepole. Mabomba ya zamani."

"Unayakaza kwa meno?"

Akacheka, akajifanya anatafuta kofia.

Jumatano ya tatu niliomba ruhusa kazini, nikamfuata Thika. Hakwenda Kamenu. Alipita mbele ya baa mbili bila kugeuza shingo, akaingia lango la hospitali, akaketi kwenye benchi nje ya kliniki. Nikaketi kando yake.

"Haiya! Umetumwa na nani?"

"Na mfuko wako wa spana."

Akatoa pakiti ya dawa mfukoni. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mwili uliozoea pombe, ukinyimwa ghafla, unaweza kumwangusha mtu. Wakampa dawa, na mshauri wa kuzungumza naye kila Jumatano. Tangawizi ilikuwa ya kichefuchefu.

"Kwa nini unaficha?"

"Si umemsikia mwenyekiti? Kwake tembe ni pombe iliyokaushwa. Wataniambia nimebadilisha chupa tu."

"Basi achana nao."

"Halafu Jumamosi jioni nikae na nani? Wewe? Wewe unaninusa koti."

Akaendelea, akitazama sakafu: "Yule mama wa mboga anadhani mkono wangu umetulizwa na pambio. Anataka kuacha peke yake, nyumbani. Akianguka je?"

Jumamosi alimimina chai, wakapiga makofi. Kabla hayajaisha alitoa kidonge, akakimeza kwa chai yake mbele ya wote.

"Hiyo ni nini, ndugu?" mwenyekiti akauliza.

"Ni ya mkono. Mwaka jana niliwategemea ninyi peke yenu, nikaanguka. Mliniombea, mnakumbuka. Nawahitaji bado. Lakini na hii ya kliniki naihitaji."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alitazama saa, kisha akamwambia mtu mwingine ashike birika. Mama wa mboga aliweka kikombe chini.

"Hiyo kliniki ni siku gani?"

"Jumatano."

Mwenyekiti alifunga kwa sala fupi kuliko kawaida. Hajamfukuza kaka, ila birika hajamrudishia, nami mwenyekiti huyo simwamini bado. Namtazama kila Jumamosi nikiwa kwenye kiti changu cha ukutani.

Jumatano ya kwanza baada ya sala ile, asubuhi, kaka aligonga mlango wangu. Mama wa mboga alikuwa akimsubiri nje, amevaa kitambaa cha kanisani. Kaka aliinama, akavuta mfuko wa spana kutoka chini ya kitanda.

"Leo kuna kazi kweli?"

"Hakuna," akasema, akiutundika begani. "Nimeubeba ndio wewe ushinde kazini bila wasiwasi."