Neno Moja Chini ya Injini

Mafundi wangu wakifungua debe la gundi ya faiba, mimi hutoka nje kuikwepa harufu yake. Gereji hii ya Gatongora ni yangu, nimeijenga kwa jasho la ng'ambo, na diploma yangu ya ufundi wa magari iko ukutani ambapo kila mteja ataiona. Ruiru yote sijaona fundi wa kunishinda.

Harufu hiyo ilijaa kibanda chetu cha bati kule Makongeni, baba alipokuwa akijiundia gari: bodi ya faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi, iliyokuja vipande vipande, injini ya gari kuukuu. Mimi, bintiye, ndiye niliyeshika jeki. Aliniita mami, kwa kuwa nilirithi jina la mamake.

Baba alichanganya r na l, na z na sh zote kwake zilikuwa s, kama kwa jirani zetu wengi. Kwake, "legeza" ilikuwa "regesa". Siku ya kuingiza injini, alikuwa ameweka vidole chini yake akitafuta shimo la bolti. Jeki ikaanza kushuka.

"Rejesa, mami! Rejesa!"

Alitaka niirejeshe juu. Mimi nikasikia regesa, nikailegeza yote.

Mama akimfunga kitambaa vidoleni, baba alinigeukia. "Ni mdomo wangu, mami. Si mkono wako."

Vidole viwili havikupona, na spana hakushika tena. Ile bodi ingali Makongeni. Kuku hutagia kwenye kiti cha dereva.

"Madam, nilegeze?" fundi ananiuliza kutoka chini ya gari.

"Hapa tunasema fungua," namjibu. "Nimekwambia mara ngapi?"