Mtungi wa Habiba

Siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ilikuwa kiangazi kikali hapa Mwingi, nami msichana wa miaka kumi na tisa nikiwa nimekabidhiwa ufunguo wa mfereji wa mtaa. Cheo ni dhamana, walisema wahenga. Mimi nilikiona cheo tu.

Unajua desturi yetu: mtungi wako ndio unaokushikia foleni. Unauweka alfajiri, unarudi nyumbani kukoroga uji, na hakuna anayeugusa. Lakini wa Habiba niliugusa. Habiba alikuwa Msomali aliyezaliwa papa hapa, baba yake akiuza ng'ombe sokoni, na Kikamba alikijua kunishinda. Kila asubuhi niliubeba mtungi wake nikauweka nyuma kabisa, wenyeji kwanza, na saa nne maji hukatika. Siku mbili alirudi kwa mtoto wake mchanga na mtungi mtupu. Watu walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikipenda kile kicheko.

Siku ya tatu hakugomba. Aliurudisha pale pale, akaketi chini kando yake, mtoto mgongoni. Niliuondoa, akaurudisha. Mara nne.

Hapo susu, nyanya yangu mzaa baba, akautoa mtungi wetu uliokuwa wa kwanza, akaulaza ubavu nyuma ya Habiba, naye akaketi. Nilimwambia mfereji ni wetu, aje ateke. Hakupaza sauti.

"Nikiwa kama wewe, chumvi tulinunua kwa dirisha ya nyuma ya duka, kwa sababu mlango ilikuwa ya Mzungu. Tulikaa chini hapo nje siku nyingi, hatukurusha hata jiwe, mpaka tukaingia. Sasa ni wewe unashika hiyo mlango?"

Mmoja mmoja, wanawake wakailaza mitungi yao, hata wale waliokuwa wamecheka. Nikabaki na ufunguo mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumfungulia.

Nilifungua. Habiba akateka wa kwanza, akaniambia asante. Niliinamisha kichwa, nikajiambia nitamwomba msamaha kesho. Kesho hiyo niliisogeza miaka mitatu, tukipishana sokoni, hadi wakahama. Sasa nina mvi na bado naona aibu. Ile asante ingali inanichoma.

Mwanangu, sisi hulia tukibaguliwa, kisha tunabagua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukiona mtungi wa mtu umesukumwa nyuma kwa sababu ya nywele zake au dini yake, usitukane wala usiokote jiwe. Laza wako nyuma ya wake, ukae chini. Na ikiwa mkono uliosukuma ni wako, omba msamaha siku hiyo hiyo, mdomo ungali unaweza.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe maji ya kukutosha wewe na anayekufuata kwenye foleni.