Simu Niliyoipiga Mbele ya Wageni

Wenzangu wawili niliomaliza nao chuo kikuu walikuwa wameshapata tuzo zao, mmoja ya mwalimu bora, mwengine ya mkuu wa skuli, na mimi roho ikinidokoa. Kamati ilipotuma habari kwamba inakuja kuikagua skuli ninayoiongoza hapa Ghubra, Maskati, wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuwa naitaka ile tuzo, sioni haya kusema.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa Mei, mabasi yalipoingia, nilimwita dada wa Kikenya anayesimamia basi la wadogo. Kazi yake ni kuwashusha watoto, kisha kutembea hadi kiti cha mwisho ahakikishe hakuna aliyebaki.

"Njoo unisaidie kupanga kahawa na halua, wageni wa kamati wameshafika getini."

"Lakini madam, bado sijaangalia huko nyuma."

"Dereva ataangalia."

Dereva mwenyewe sikumwambia kitu.

Wageni walikuwa watatu. Nilichojivunia zaidi mbele yao ni daftari la mahudhurio: mtoto asipoonekana, mzazi hupigiwa simu kabla ya saa mbili na nusu. Mwenyekiti, mama mpole wa miwani, akaweka kidole kwenye jina la msichana wa darasa la kwanza. Hayupo. "Hebu tuone," akasema kwa Kiarabu. Nikapiga, na nikafungua sauti ili wote wasikie. Mtu mzima ovyo!

"Mama, leo mtoto hatukumwona. Anaumwa?"

"Anaumwa?" Watu wake walitoka Unguja kama wangu, na siku zote tukisemezana Kiswahili. "Nimempakia basini mwenyewe, mwalimu. Kwani hajafika?"

Wageni hawakufahamu hata neno moja. Walikaa wakitabasamu, vikombe mkononi.

"Kheri?" akauliza mwenyekiti.

"Kheri," nikajibu. Nikamwambia mama asubiri, nikatoka.

Tangu saa moja basi lilikuwa limefungwa, limesimama juani, na jua la Maskati mwezi wa Mei halina mzaha. Na nitasema kweli: hatua za mwanzo nilitembea. Sikukimbia, kwa sababu chumba cha wageni kina dirisha la uani. Nikikumbuka hatua zile mpaka leo najiogopa.

Yule dada alikuwa mlangoni mwa jiko. Aliponiona uso tu akaitupa sinia, akanipita mbio. Yeye ndiye aliyeufungua mlango wa basi. Joto lilitupiga usoni kama la tanuri. Mtoto alikuwa sakafuni baina ya viti viwili vya nyuma, nywele zimemganda kwa jasho, macho wazi. Nilidhani amekufa. Kisha akasema, "Mwalimu, nilibisha."

Nesi wa skuli akampokea, maji, vitambaa vya baridi, kisha hospitali, na mama yake akatukuta huko. Madaktari walisema atapona.

Niliporudi, wageni walikuwa bado wananisubiri. Walikuwa wamesikia kwamba mtoto kapatikana. "Mfumo wako umemwokoa," akasema mwenyekiti, na kalamu yake ilikuwa ikiandika. Ningenyamaza, yangeishia hapo, na lawama ingemwangukia dada wa basi. Niliogopa kusema, na nikaogopa zaidi kunyamaza. Nikamwambia nani alimtoa yule dada kwenye basi, na kwa ajili ya nini. Akaiweka kalamu chini. Kahawa yake hakuimaliza.

Jioni nikampigia mama wa mtoto, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Siku tatu mtoto hakuja. Ya nne mama yake akamleta kwa miguu mpaka getini, akautia mkono wa mwanawe ndani ya wangu.

"Nnakupa wewe," akasema. "Si dereva, si mtu mwengine. Wewe."

Nikaupokea ule mkono mdogo, na hofu iliyonishika pale ilipita ile ya siku ya basi.